Emerance na Karatasi ya Mali

Bibi arusi wa Gashonga anaweza kukosa kwaya, anaweza kukosa keki, na mvua ikiharibu njia anaweza kukosa hata gari. Hakosi kupita kwa Emerance Mukandori. Nyumba yake iko kando ya barabara ya udongo, hatua chache kutoka kituo cha pikipiki, na chumba cha mbele kimejaa magauni meupe yaliyotundikwa kwenye bomba la chuma, kila moja ndani ya mfuko wake wa nailoni. Nyuma ya nyumba kuna banda la viti vya plastiki mia mbili, tenti moja kubwa nyeupe, na masufuria ya kupikia umati. Vyote anakodisha. Kwa miaka kumi na mitano amewavalisha mabinti wa vilima vyote vya karibu, na baadhi yao amewavalisha mara mbili.

Alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mto Ruzizi, akakulia huko hadi wazazi wake waliporudi Rwanda akiwa msichana mkubwa. Wazazi walirudi, yeye akarudi, ila Kiswahili chake hakikurudi kamwe. Kinyarwanda anakitumia kuuliza bei na kusalimia majirani. Hasira na mashauri huvitoa kwa Kiswahili cha Bukavu.

Na mashauri alikuwa nayo mengi. Arusi za serikali hufungwa siku ya Alhamisi kwenye ofisi ya sekta inayosimamia vijiji vya hapo, na Emerance alikuwapo karibu kila Alhamisi, pini mdomoni, akinyoosha shela ya huyu na kukaza kamba za yule. Kwa kusimama tu pale nyuma alikuwa amekariri maneno yote ya afisa. Sheria inawapa wanaooana njia tatu za kuweka mali zao. Ya kwanza, mali yote inakuwa moja, ya zamani na ya baadaye. Ya pili, mnaandika orodha ya vile mnavyovitia katika fungu la pamoja, na mtakavyochuma baada ya arusi vinaongezeka humo. Kisichoandikwa kinabaki cha mwenyewe. Ya tatu, kila mtu na chake, ila gharama za nyumba mnasaidiana. Maharusi wengi walifika wamekariri jina la mojawapo kama jibu la mtihani, bila kujua swali lilikuwa nini. Kwa hiyo walimuuliza yeye, wakati akiwafunga gauni mgongoni.

"Muchanganye byote," alikuwa akiwaambia. "Mwanaume akikataa kuchanganya, muulize anaficha nini. Mapendo haina kabati mbili."

Maneno hayo yalipanda vilima na kushuka. Mama wa mabinti waliyarudia jikoni. Hakuna aliyewahi kumuuliza Emerance yeye mwenyewe alichagua njia ipi, maana haikumjia mtu yeyote akilini kwamba hajaolewa.

Hakuwa ameolewa. Alikuwa amekaa na Ndizeye miaka ishirini na miwili na kumzalia watoto wanne, wa kwanza akiwa Isimbi, ambaye sasa anauza dawa kwenye duka moja la mjini Kamembe. Mwanzoni Ndizeye alipeleka pombe ya ndizi kwa baba yake Emerance, wazee wakanywa, wakakubaliana kwamba mambo mengine yatafuata. Hayakufuata. Kwanza hapakuwa na pesa, halafu zikawapo pesa lakini hapakuwa na nafasi, kwa sababu kila Alhamisi Emerance alikuwa na arusi ya mtu mwingine.

Mwaka jana, baada ya kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wa kijiji walikaa chini kwa mkutano kama kawaida. Afisa mpya wa ndoa na vizazi, Madame Uwase, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alitangaza kwamba sekta inataka kuwafungisha ndoa wote wanaoishi pamoja bila karatasi. Watafundishwa kwanza, kisha wataapa wote siku moja. Alipomaliza alimgeukia Emerance aliyekaa mstari wa mbele.

"Maman Isimbi, utatusaidia kwa magauni?"

"Hakuna shida. Gauni ziko."

"Asante. Na wewe nikuandike pamoja na hao wengine?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na daftari la kaya mkononi na alikuwa anasoma tu kilichoandikwa. Lakini watu waliokuwa wanafuta udongo kwenye majembe waliacha kufuta. Emerance alitazama miguu yake, akasema ndiyo, amwandike.

Mafunzo yalikuwa ya Jumanne tatu, katika ukumbi wa sekta. Ndizeye alikuja na kofia yake ya pikipiki mapajani. Ni mwanaume wa maneno machache. Ana shamba la migomba aliloachiwa na baba yake, na pikipiki, ya pili baada ya ile ya kwanza kufa. Alikaa akisikiliza. Emerance naye alikuja na uso wa mtu anayerudia darasa alilokwisha kulifaulu.

Madame Uwase alianza na njia ya kwanza. "Mali ikiwa moja, ni ya wote wawili," alisema. "Hata ile uliyoitafuta peke yako kabla."

Emerance alikuwa ameyasikia maneno hayo mara mia. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, yalimgusa. Aliona viti vyake mia mbili, akavigawa kwa mbili. Kisha akamwona Hakizimana, mdogo wake Ndizeye, mtu ambaye huazima jembe mwezi wa tisa na kulirudisha mpini tu. Aliona viti mia vikipanda kilima kwenda kwa Hakizimana, kimoja kimoja. Aliporudi nyumbani hakula vizuri.

Njia ya tatu ilianza kumpendeza, na ndipo shida ilipoanza. Atasimama vipi mbele ya sekta nzima, yeye aliyewaambia mabinti kwamba asiyechanganya anaficha, aseme kila mtu na chake?

Jumatano alipeleka magauni mawili kwa Mzee Mudathiru, fundi cherehani wa Kamembe, Mwislamu wa makamo anayemrekebishia zipu tangu alipoanza kazi. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akangoja wengine waondoke.

"Mzee, kuna muntu mumoja wa kwetu," alianza. "Ana bintu yake, mali yake mwenyewe. Bwana yake naye ana yake, lakini kidogo. Sasa banaenda kuandikisha ndoa. Huyu muntu afanye namna gani?"

Mudathiru alikata uzi kwa meno. "Sisi kwa dini yetu, mali ya mwanamke ni yake, hata akiwa ndani ya ndoa. Mahari tunaitaja mbele ya mashahidi. Hakuna muntu anakasirika." Akageuza gauni. "Huyu muntu wa kwenu amekaa na bwana yake muda gani?"

"Miaka makumi mbili na mbili."

"Na alimuuliza bwana anataka nini?"

"Bado."

Fundi alivuta zipu juu, akaishusha, akaivuta tena. "Basi amuulize. Itakuwa bei rahisi kuliko hii zipu."

Emerance alilipa bila kubishana bei, jambo ambalo lilimfanya Mudathiru amtazame hadi alipopotea kwenye kona.

Jumanne ya mwisho aliinua mkono. Alisema ana swali kwa niaba ya bibi arusi mmoja. Vitu ambavyo watu wamevipata wakikaa pamoja kabla ya kuandikishwa, ni vya nani?

"Kwenye daftari langu ndoa inaanza siku ya kuapa," alijibu Madame Uwase. "Vya kabla ya hapo, mnakaa wawili, mnapatana ni vya nani, mnaniletea. Msipopatana, msije Alhamisi. Na njia mnachagua pamoja. Siandiki mume njia yake na mke njia yake."

Kwa hiyo kwenye karatasi miaka ishirini na miwili yote, pamoja na watoto wanne, ilikuwa kabla. Emerance aliwaza hilo njia nzima ya kurudi, akiwa nyuma ya Ndizeye kwenye pikipiki, na upepo uliwapa wote wawili sababu ya kutosema kitu.

Jumapili baada ya misa walikaa uani. Watoto wadogo walikuwa wamekwenda kwa bibi yao. Emerance alikuwa ameandaa maneno kwa siku tano. Angeanza kwa mbali, na familia za wanaume, na vitu vinavyoazimwa, na jinsi mwanamke mwenye biashara anavyohitaji kuamua haraka. Angemshawishi taratibu. Alimenya mihogo miwili kwanza.

"Papa Isimbi, ile mambo ya mali. Weye uliwaza nini?"

"Kila muntu na yake," alisema Ndizeye.

Alisema haraka, kama mtu aliyekuwa anangoja tu aulizwe. Emerance alibaki na kisu hewani. Alikuwa amepata alichokitaka bila kutoa hata neno moja kati ya yale aliyoyaandaa. Alipaswa kufurahi. Badala yake aliwaka.

"Kila muntu na yake? Miaka yote hii, weye unataka tutenge?"

"Weye unataka nini?"

Emerance aliweka muhogo kwenye beseni. "Ile ile," alisema.

"Bon. Tunapatana."

"Hatupatani," alisema Emerance, akainuka.

Jioni ile ndipo Ndizeye alipoeleza, akiwa amempa mgongo, akifuta mnyororo wa pikipiki. Pale kituo cha pikipiki madereva wenzake walikuwa wameanza kumtania. Walisema Ndizeye kakaa miaka yote bila haraka, lakini sheria ilipotaja nusu, kavaa viatu. "Banasema ninaoa biti," alisema. "Si weye. Biti." Alitaka aende kuapa bila kuchukua hata kiti kimoja, wamwone.

Emerance alimsikiliza. Kumbe alikuwa ameogopa kumpa nusu mtu asiyeitaka. Hilo nalo lilimuudhi, maana viti vile vilikuwa vizuri na alivichagua mwenyewe, na hakuona kwa nini mwanaume avikatae kama uji uliopoa.

Kwa siku mbili walizungumza mambo ya watoto tu. Siku ya tatu Isimbi alipiga simu kutoka Kamembe, akasikia sauti ya mama yake, akauliza kuna nini. Alipoambiwa alicheka hadi mteja wa dawa akamkemea.

"Maman, si kuna ile ya katikati? Mukae, muandike. Hata sisi hapa dukani tunafanya hesabu ya bintu kila mwisho wa mwezi na hatugombani."

Basi wakakaa kuandika. Emerance alichukua karatasi ya daftari, akaipiga mistari, akaweka sehemu tatu: vya Emerance, vya Ndizeye, vyetu. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wa Ndizeye, kwa hiyo kalamu ilikaa kwake, na kwa sababu kalamu ilikaa kwake, upande wake ulijaa haraka. Magauni kumi na manne. Viti mia mbili. Tenti. Masufuria. Upande wa Ndizeye aliandika shamba na pikipiki. Sehemu ya vyetu ilibaki nyeupe.

Ndizeye alisoma polepole. "Ile tenti, bomba zake nani alichomelea?"

"Weye. Lakini nguo yake nilinunua mimi."

"Basi andika nguo ni yako, bomba ni yangu. Siku ya arusi tutaona gani itasimama pekee yake."

Emerance alifuta tenti, akaihamishia kwenye vyetu.

Masufuria yalichukua saa nzima hadi kuingia kwenye vyetu. Viti vilichukua dakika chache tu, lakini ni dakika hizo anazozikumbuka. Ndizeye hakudai viti. Alinyoosha kidole kwenye upande wake mwenyewe, chini ya pikipiki.

"Andika hapa: safari."

"Safari gani?"

"Za kubeba biti. Gikundamvura, Mibirizi, kule kwote. Tangu ulianza."

"Papa Isimbi, safari si mali."

"Sawa," alisema Ndizeye. "Basi andika hivyo: safari si mali. Nitatia sahihi."

Hakuinua sauti. Emerance aliinamisha kalamu, akaandika herufi ya kwanza, akakoma. Alimwona akishuka Gikundamvura kwenye matope, viti kumi na viwili vimefungwa mgongoni mwa pikipiki kama pembe, akirudi kuchukua kumi na viwili vingine, mara nane, mara tisa kwa arusi moja. Wateja walilipa usafiri. Pesa hizo alizipokea Emerance, na kila zilipotosha alinunua viti vingine, ambavyo Ndizeye alivibeba. Hakuwahi kumlipa na Ndizeye hakuwahi kuomba, kwa kuwa hakuna kati yao aliyewahi kufikiri kwamba ni kazi. Waliiita kusaidiana.

Alifuta viti upande wake, akaviandika kwenye vyetu. Vyote mia mbili. Kisha akayatazama magauni na akayaacha yalipo.

"Gauni hapana," alisema.

"Nitafanyia nini gauni?" alisema Ndizeye.

Zikabaki ndizi. Shamba lilikuwa la baba yake Ndizeye, na juu ya hilo hawakubishana. Lakini Emerance aliuliza ni nani anayepalilia, na Ndizeye, ambaye hajashika jembe pale tangu anunue pikipiki, alikohoa. Waliandika kwamba ardhi ni ya Ndizeye na mavuno ni ya wote. Pikipiki Ndizeye mwenyewe aliihamishia kwenye vyetu bila kuulizwa, kwa maelezo kwamba pikipiki bila viti haina kazi.

Madame Uwase aliisoma karatasi ile mezani kwake mara mbili.

"Lakini hapa karibu vyote mmeviweka pamoja," alisema. "Tofauti na njia ya kwanza ni magauni na shamba tu. Kwa nini msichague ya kwanza, mkaacha kuhangaika?"

"Tulitaka tujue kwanza ni nini tunachanganya," alisema Ndizeye. Emerance alishangaa, maana hiyo ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizomsikia akisema mbele ya serikali.

Alhamisi ya kuapa walikuwa jozi kumi na moja. Mkubwa wao alikuwa na wajukuu saba, nao wajukuu walikuja wote. Mabibi arusi tisa walitaka gauni, na magauni matano yaliyobaki yalikuwa madogo kwa mwili wa Emerance, kwani hakuwahi kununua kwa kipimo chake. Alivaa mushanana, vazi la sherehe linalofungwa begani, wa rangi ya machungwa alioazima kwa jirani. Tangu asubuhi alikuwa mbio, huyu zipu, yule shela, mwingine amelia kwa furaha hadi poda imechirizika. Majina yao yalipoitwa, Ndizeye alisimama mbele ya bendera peke yake.

"Bibi arusi yuko wapi?" aliuliza msimamizi wa sekta aliyekuwa akiwaapisha.

"Anavalisha," alijibu Ndizeye.

Emerance alitokea mlangoni akiharakisha, pini nne zimebanwa kati ya midomo. Alishika bendera kwa mkono mmoja na kuinua mwingine, ndipo akagundua hawezi kuapa. Ndizeye alimtolea pini zile moja moja, akaziweka kwenye mfuko wa koti lake, na watu wakangoja. Wakaapa. Waliposomewa njia waliyochagua, minong'ono ilizunguka ukumbi, kwa maana kwenye mabenchi ya nyuma kulikuwa na wanawake zaidi ya ishirini aliowavalisha yeye mwenyewe, kila mmoja na ushauri wa Emerance kichwani.

Nje, kabla hata ya soda, Béatrice, mmoja wa aliowavalisha, aliyeolewa miaka mitatu iliyopita, alimshika mkono.

"Maman Isimbi, si ulituambia tuchanganye byote? Weye umechagua ya pili."

"Nyinyi mulikuwa na nini?" alisema Emerance. "Godoro na redio. Ile mutagawa namna gani?"

Béatrice hakucheka. Alisema redio ilikuwa ya kwake, alipewa na kaka yake, na mume aliiuza. Emerance alikaa naye kwenye ukingo wa sementi, ndani ya mushanana wa kuazima, na tangu siku hiyo amebadili mashauri. Bibi arusi akimuuliza, humwambia aende akae na mwenzake na karatasi na kalamu, waandike hata kijiko. Wakimaliza bado wanataka kuoana, waje kuchagua gauni. Jozi mbili hazikurudi. Mama wa binti mmojawapo alikuja kulalamika kwamba Emerance anaharibu biashara yake mwenyewe, na kwa hesabu alikuwa sahihi.

Kitu cha kwanza walichonunua baada ya arusi kilikuwa tenti ya pili. Zamani Emerance angepanda pikipiki hadi Kamembe, akachagua nyeupe, akarudi. Safari hii alitaja tu nyeupe, na Ndizeye, bila kuacha kunywa chai, alisema hii imepatikana ndani ya ndoa, na yeye anataka ya buluu. Emerance alimweleza kwamba hakuna anayeoa chini ya buluu. Ndizeye alisema nyeupe inaonyesha matope, na matope ndiyo anayoyabeba yeye. Walibishana wiki moja, kwa adabu, kama watu wenye karatasi. Ilinunuliwa ya buluu.

Ilifunguliwa mara ya kwanza kwenye arusi moja huko Mibirizi, siku ya jua kali. Mwanga ulipita kwenye nguo ile na kuwashukia wote waliokaa chini yake, na kwenye picha bibi arusi, bwana arusi, padri na wazazi wa pande zote mbili walitoka na nyuso za buluu kama watu waliotolewa majini. Mama wa bibi arusi alimletea Emerance picha hizo zote nyumbani, akazipanga moja moja juu ya meza. Emerance alizitazama hadi ya mwisho, kisha akamwambia, kwa utulivu mkubwa, kwamba mambo ya rangi azungumze na bwana yake.

Ndizeye alizungumza naye, akamrudishia sehemu ya pesa. Sasa tenti ya buluu inakodishwa kwa misiba na mikutano ya maombi, ambako hakuna anayepiga picha, na imekuwa na kazi nyingi kuliko ile nyeupe.